Rekodi ya Mama Salima na Msiba Usio na Maiti

Ninyi mafundi simu wa stendi mnanichekesha. Juzi binti mmoja wa kwenu alinifuata nyumbani, akanionyesha gemu la zamani, lile la kijivu la kupanga matofali, akasema, "Babu, mteja amekataa katakata kununua kitu kingine. Simu anayo, na ndani ya simu magemu yamejaa. Huyu ana akili kweli?"

Nikamwambia anazo, tena huenda anatuzidi mimi na yeye. Hakuniamini. Basi nimeona niwaandikie wote kwa pamoja, maana macho yangu hayaoni tena waya mwembamba, lakini kumbukumbu bado haijaingia kutu.

Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu, kaka yake mama, kule Ruangwa. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba ni mgeni anayekaribishwa vizuri. Umeme hakuwa nao. Chuma chake cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya alikipasha kwenye jiko la mkaa, na kujua kama kimeshika moto alikisogeza karibu na shavu, kama mtu anayenong'onezwa siri. Kiswahili chake kilitembea na Kimwera begani: mtu kwake alikuwa "ntu", mke alikuwa "nke". Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikaichoka: "Usifungue redio ya ntu kabla hujanfungua mwenyewe."

Maana yake uliza kwanza. Muulize mwenye kitu anakipendea nini. Niliwahi kupuuza hilo nikiwa mwanafunzi wake. Mzee mmoja alileta redio ya kubadilishwa mkanda wa kutafutia stesheni, mimi nikaona inakoroma, nikaufukuza mkoromo wote nikijiona bingwa. Kesho yake aliirudisha kwa hasira. Mkoromo ule ndio uliokuwa ukimbembeleza mjukuu wake alale. Mjomba akaniamuru niurudishe. Jaribuni siku moja kuiharibu redio kwa ustadi, mtaona kazi ilivyo ngumu.

Nilipohamia Nachingwea na kupata kibanda changu sokoni, nilikuwa fundi wa redio, saa na tochi. Kisha, miaka ya tisini, magemu yakaanza kuingia na watu waliotoka Dar es Salaam. Mwanzoni niliyadharau. Kidubwana cha plastiki, betri mbili ndogo, kioo cha kijivu, na ndani yake vijiti vinadondoka toka juu, wewe kazi yako kuvigeuza na kuvipanga mpaka mstari ujae upotee. Ukishajaza, vinakuja vingine. Nilisema hiki ni kitu cha wiki mbili. Nimestaafu, na bado kinaletwa.

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa vibonye. Chini ya kila kibonye kuna mpira wenye doa jeusi, na doa hilo likichakaa kibonye hakisikii hata ukikikanyaga. Dawa yake ni penseli laini: unasugua pale kwenye doa taratibu mpaka ling'ae. Ukikosa penseli, kata kipande kidogo cha karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, ukibandike. Betri zikivuja, kwangua kutu kwa wembe, pitisha ndimu, kausha. Sisimizi nao walipenda sana kukaa mle ndani, sijui kwa ajili ya joto au nao walikuwa na zamu zao.

Hayo yote niliyajua. Nililokuwa silijui ndilo lililoniumbua.

Jumatatu moja wakati wa likizo ya shule, alinijia Mwalimu Nambuta. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi upande wa Ruponda, mtu mrefu, mkali, shati limenyooka kama ukurasa wa daftari jipya. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatoa gemu kutoka kwenye bahasha ya khaki.

"Fundi, hili nimemnyang'anya mwanafunzi. Kibonye cha kugeuzia kimekufa. Litengeneze, nimrudishie mwenyewe shule ikifunguliwa."

"Mwalimu, wewe mwenyewe huchezi?"

"Mimi?" Alinitazama kama niliyemuuliza kama ananyonya kidole. "Mimi ni mtu mzima."

Sikumfungua zaidi ya hapo. Nikatoa betri, nikafungua skrubu, nikasugua penseli, nikafunga. Kibonye kikawa kinaitika kama mtoto mwenye adabu. Jumanne asubuhi Mwalimu akaja kulichukua. Akaliwasha. Nikamwona uso unabadilika rangi.

"Fundi. Rekodi iko wapi?"

"Rekodi gani?"

"Hapa juu palikuwa na namba. Sasa pana sifuri. Fundi, umeniua!"

Akakaa kwenye kibao cha wateja, magoti yamefika kifuani, na ukweli ukatoka wote. Hakukuwa na mwanafunzi yeyote. Gemu lilikuwa la mkewe, Mama Salima, aliloletewa na mkwe wao. Na ile namba iliyopotea ilikuwa rekodi yake: elfu arobaini na nane na mia tatu. Mtaa mzima uliijua. Mwalimu alikuwa amejaribu kuivuka masika yote kwa siri, na kwa kukazania kuivuka ndipo akaua kibonye. Mkewe hakujua. Alikuwa Ruangwa kwenye sherehe ya unyago wa mpwa wake, angerudi na basi la Jumamosi.

"Mwambie fundi kakosea," nikasema. "Ni namba tu."

"Namba tu? Mwaka jana nilichomoa betri zake niweke kwenye redio nisikilize mpira. Rekodi ya zamani ikafutika. Alifunga nguo zake akaenda kwa kaka zake wiki mbili. Mpaka nilipokwenda kumwomba radhi, kaka zake wamepangana barazani kama baraza la mitihani. Akaniambia, ukirudia sirudi. Nami namjua, yule haapi ovyo."

Hapo nilielewa kwamba nilichokifuta kwa bisibisi yangu hakikuwa namba, kilikuwa ndoa ya mwalimu mkuu. Na sikumuuliza swali la maana hata moja. Mjomba angekuwepo angenichapa na kile chuma cha risasi.

Kwa faida yenu: betri za gemu zikichomolewa, kumbukumbu yake inakwenda nazo. Baadaye nilijifunza ujanja. Kabla hujatoa betri za zamani, unaunganisha betri nyingine mbili kwa nyaya pembeni, zinabaki zinalisha wakati unafanya kazi. Ujanja mzuri sana, na niliujua siku kumi baada ya kuuhitaji.

"Tutairudisha," nikamwambia Mwalimu.

"Kwa njia gani?"

"Kwa kucheza. Leo Jumanne. Tuna siku nne."

Nikafunga kibanda. Nikachukua chaki nikaandika mlangoni: FUNDI ANA DHARURA YA KIFAMILIA. Tukaingia chumba cha nyuma ninakowekea maboksi ya redio zilizokufa, tukakaa juu ya makreti, tukaanza.

Vijana, sitaki kusema uongo katika umri huu. Tulikuwa wabovu. Mwalimu alicheza kama anavyofundisha, kwa hasira, na kila kijiti kilipokaa vibaya alikisemesha: "Wewe! Nimekuambia kushoto!" Rekodi yake ya maisha haikufika elfu tisa. Mimi nilikuwa na vidole vya ufundi lakini sikuwa na subira. Nilitaka kijiti kirefu kije sasa hivi, na kijiti kirefu hakiji kwa kuitwa. Jumanne jioni tulikuwa na elfu sita. Jumatano tukafika elfu kumi na moja, tukashikana mikono kama watu waliopata mtoto.

Ndipo nikaanza kuugua ugonjwa wenyewe. Nikitembea sokoni naona mafungu ya nyanya yamepangwa vibaya, vidole vinawasha kuyageuza. Nikikutana na mtu mwenye pengo, badala ya kumwamkia, natazama pale kwenye pengo nikiwaza kijiti gani kingeingia. Mzee mmoja aliniuliza meno yake yamenikosea nini. Mimi niliyesema kitu cha wiki mbili!

Sasa tukiwa tumejichimbia mle, ile chaki yangu mlangoni ilikuwa inafanya kazi yake. Wapita njia walisoma "dharura ya kifamilia". Aliyesoma akamwambia asiyesoma kwamba fundi ana matatizo. Asiyesoma akasema matatizo gani ya kufunga duka siku mbili kama si msiba? Na kafiwa na nani? Basi wakapiga hesabu ya ndugu zangu, wakamwona mzee kuliko wote ni yule mjomba wa Ruangwa. Kufika Alhamisi asubuhi, mjomba wangu alikuwa amekwisha kufa na kuzikwa, na watu wa Nachingwea wameshakubaliana kuwa alikuwa mtu mwema.

Mke wangu Fatuma alikuwa kwenye mashine ya kusaga. Mwanamke wa kwanza akampa pole. Wa pili akamkumbatia. Wa tatu akamwekea kuku hai mkononi, akamwambia, "Pokea, shoga, hata kama ni kidogo." Fatuma hakuuliza, alitupa kanga kichwani, akaja mbio kibandani kwangu huku analia, kuku anapiga kelele kwapani. Akasukuma mlango wa nyuma.

Alitukuta tumeinamiana, vichwa vinagusana, na mwalimu mkuu anasema, "Teremsha, Fundi, teremsha!"

Fatuma akamhamishia kuku kwapa la pili.

"Baba Hamisi," akasema, "mjomba kafa lini?"

"Mjomba yupi?"

Nikamweleza. Mwalimu akanisaidia kueleza, akaomba radhi kwa niaba yangu, kisha kwa niaba yake, kisha kwa niaba ya serikali nadhani, maana alikuwa amechanganyikiwa. Fatuma akafuta machozi kwa pindo la kanga. Akamfunga kuku kwenye mguu wa meza. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipeni hicho kilichomuua mjomba."

Nikampa, nikijua anakwenda kukipiga ukutani. Akakaa juu ya kreti, akakiweka mapajani, akaanza kucheza. Hakusema na kijiti chochote. Vidole vyake vilikwenda polepole, kama mtu anayechambua ufuta, na mistari ikawa inapotea miwili miwili, mitatu mitatu, minne kwa mpigo. Elfu kumi na moja yetu aliivuka kabla sijakaa chini.

"Umejifunza wapi?"

"Unafikiri magemu ya wateja unayoyaleta nyumbani kuyajaribu," akasema bila kuinua macho, "ukienda msikitini anayajaribu nani?"

Miaka yote hiyo! Nami nilikuwa nawasifia wateja kwamba magemu yakitoka kwangu hayarudi upesi, vibonye vimelainika vizuri.

Alicheza Alhamisi, akarudi Ijumaa mchana baada ya kupika. Ijumaa, saa kumi hivi, namba ikafika elfu arobaini na saba. Mwalimu alikuwa amesimama kwa miguu miwili juu ya kreti. Elfu arobaini na nane. Mia moja. Mia mbili.

"Mstari mmoja tu, Mama Hamisi! Mmoja halafu acha!"

Mstari mmoja huwa ni mia. Ukaja wakati wa kujaza mmoja, na pembeni kabisa pana shimo refu, na toka juu kinashuka kijiti kirefu. Mwanamke gani mwenye akili timamu angekitupa kando? Akakidondosha shimoni. Minne ikapotea kwa mpigo.

"Acha!" tukapiga kelele wote wawili.

"Niache nini, na matofali yanaingia?"

Alipokufa mle mchezoni, gemu lilisoma elfu hamsini na moja na mia saba. Akalirudisha mkononi mwa Mwalimu, akamfungua kuku, akaenda kumrudisha kwa mwenyewe na kueleza kwamba marehemu anaendelea vizuri.

Mwalimu aliitazama ile namba kama hukumu. Kuifuta tuanze upya hatukuwa na muda. "Nitamwambia nini?" akauliza. Nikamwambia, mwambie ukweli. Akaahidi. Na mimi niliamini, kwa kuwa mtu mwenyewe alikuwa mwalimu.

Jumamosi Mama Salima akashuka kwenye basi, akaoga, akafungua kabati, akawasha gemu lake. Haya nilisimuliwa baadaye na wote wawili, kila mmoja kwa namna yake.

"Nani kapita hapa?" akauliza.

Mwalimu aliangalia sakafu. Ukweli ulikuwa mlangoni kabisa mwa mdomo wake. Akasema, "Mimi."

Mama Salima hakukasirika. Hilo ndilo lililommaliza. Alimtazama mumewe kwa macho ambayo, Mwalimu alisema, hakuwa ameyaona tangu siku ya posa. Akampikia wali wa nazi na kuku. Akamwita "bingwa". Jumapili akamsifia kwa majirani. Jumatatu akatangaza kwamba Jumapili inayofuata, baada ya chakula cha mchana, bingwa atacheza hadharani barazani kwake, watu waje waone.

Jumanne alfajiri Mwalimu alikuwa mlangoni kwangu. "Nifundishe," akasema. Mtu aliyefundisha nusu ya wilaya kusoma! Nikamwambia siwezi kufundisha nisichokijua. Fatuma alikuwa ndani, akacheka mpaka akaumwagia moto maji.

Siku ileile, mchana, Mama Salima alikuja kibandani. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini. Akakaa kwenye kibao.

"Fundi, pole sana kwa msiba wa mjomba."

"Ahsante, mama. Kazi ya Mungu."

"Nimesikia alifariki wiki iliyopita, katikati ya wiki."

"Ndiyo, mama."

"Maana mimi Ijumaa nilimwona sokoni Ruangwa anabishana bei ya dagaa. Alikuwa anashinda." Akaniangalia. "Sasa sijui nilikuwa naongea na nani."

Vijana wangu, kuna wakati bisibisi inakutoka mkononi na unainama kuiokota, na ukiwa kule chini unatamani ubaki hukohuko. Niliokota bisibisi kwa muda mrefu. Nilipoinuka bado alikuwa pale. Basi nikasema yote: betri, sifuri, chaki, msiba, makreti.

Nilingoja matusi. Akatazama mikono yake.

"Fundi, mimi kila ninachofanya nyumbani kinaliwa, kinachafuka au kinakua kinaondoka. Nikifagia asubuhi, jioni pako vilevile. Ile namba ndiyo kitu pekee nilichofanya nikakikuta kesho yake palepale nilipokiacha. Mwalimu akadhani nalilia mchezo."

Nimetengeneza vyombo vingi vya kusema na kuimba, lakini sijui kama niliwahi kusikia sababu ya mtu kupenda kitu ikielezwa vizuri kuliko vile. Ninyi mkiletewa kitu kilichopitwa na wakati, mkacheka, mkumbuke kwamba mwenyewe huenda ana namba yake mle ndani.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Nilifungua kabla ya kuuliza."

"Wewe nimekusamehe, hukujua. Mwalimu ataonana na mimi." Kisha uso wake ukabadilika, ukawa wa msichana kabisa. "Lakini elfu hamsini na moja ni za nani? Si zako. Si zake. Ni za nani, Fundi?"

"Za mke wangu."

"Yuko wapi?"

Hakungoja nifunge kibanda. Alitangulia.

Jumapili tulikwenda Ruponda, mimi na Fatuma. Baraza lilikuwa limejaa majirani, na walimu wenzake wawili wako mbele kabisa. Mama Salima hakuwa amemfukuza mumewe wala hakuwa amefunga nguo zake. Adhabu yake ilikuwa nyepesi kuliko hiyo na nzito kuliko hiyo. Mwalimu Nambuta alisimama mbele ya watu, shati limenyooka, akakohoa, akasema kwa sauti ileile ya kutangaza matokeo:

"Ndugu majirani, mimi sijawahi kuvuka elfu tisa."

Walicheka mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Yeye mwenyewe akaanza kutabasamu, kisha akacheka, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza walimu wale wawili kuyaona meno yake. Mama Salima akamletea kiti, akampigapiga begani mara moja, yakaisha.

Kisha wanawake wawili wakakaa mkekani, Fatuma na Mama Salima, gemu katikati, majirani wakawazunguka. Mimi na Mwalimu tukaambiwa vyombo vya chakula bado havijaoshwa. Tukavibeba nyuma ya nyumba, mwalimu mkuu na fundi, tukachuchumaa kwenye karai. Kila baada ya muda ukelele ulipasuka kule barazani, na sisi tulinyoosha shingo na sahani mikononi, hatuoni kitu.

"Fundi," Mwalimu akaninong'oneza, povu limemfika kwenye viwiko, "unadhani wakichoka watatupa na sisi zamu?"

Nikamwambia tusubiri. Tukaosha sahani zote, tukaosha masufuria, tukaosha na karai lenyewe. Mwaka ule hawakuchoka.